Mizunguko 100 ya Mwanzo, na Siri ya Betri Iko Nje

Betri haijapungua hata chembe. Ukiipima inatoa umeme uleule iliotoka nao kiwandani, pengine na ziada kidogo, na fundi yeyote wa Darajani angekuuzia kama mpya bila ya kusitasita, kwani kwa kila kipimo alichonacho ni mpya. Hapo ndipo programu inapotazama mizunguko yake 100 ya mwanzo ya kuchajiwa na kutumika, ikasema: hii haifiki 600, na ile jirani yake, ya kiwanda kilekile, itavuka 1,500. Betri zikaendelea kuzungushwa hadi zikachoka. Jibu likawa karibu na kweli. Jamani, karibu kabisa na kweli!

Nilikuwa naisikia habari hii, na kusikia si kuona. Sasa nimeona. Nimeishusha data yenyewe, nimeiweka programu kwenye kompyuta yangu hapa Vuga, nimechora michoro kwa mkono wangu, na nasema bila ya kujizuia: sijapata kukutana na kitu cha teknolojia kinachotuhusu watu wa Unguja kama hiki. Tunaishi kwa betri. Simu mifukoni, taa za sola mashamba, inveta za hoteli za Shangani, minara ya simu, pikipiki za umeme zinazokuja kwa kasi. Na kila betri kati ya hizo inazeeka bila ya kutoa sauti, hadi siku inapotuangusha.

Msingi wa yote ni kazi iliyotoka Machi 2019 katika jarida la Nature Energy. Kristen Severson wa MIT, Peter Attia wa Stanford na wenzao, pamoja na Taasisi ya Utafiti ya Toyota, walichukua betri 124 za aina moja: silinda ndogo, ampea-saa 1.1, upande mmoja lithiamu chuma fosfeti, upande wa pili kinywe, yaani grafiti. Wakaziweka kwenye chumba chenye nyuzijoto 30, wakazichaji haraka kwa njia mbalimbali, wakazimaliza chaji, wakazichaji tena, usiku na mchana, hadi kila moja ikabaki na asilimia 80 ya uwezo wake. Iliyochoka mapema kabisa ilifika hapo kwenye mzunguko wa 150 hivi. Iliyodumu kuliko zote ilikwenda hadi 2,300. Betri za aina moja!

Nyuzijoto 30. Liweke hilo pembeni, nitalirejea.

Sasa sikiliza palipo patamu. Kufika mzunguko wa 100, uwezo wa betri hizi ulikuwa haujasema chochote. Betri ya katikati katika kundi zima ilikuwa imeongezeka uwezo kwa asilimia 0.2. Ukichora uwezo kwa mizunguko unaona mistari imelala pamoja, ya kufa mapema na ya kuishi sana, huwezi kuitenga. Watafiti wakaacha kutazama kiasi cha umeme unaotoka, wakatazama namna unavyotoka. Betri hizi zinapotumika, volti zake hushuka kutoka 3.6 hadi 2.0, na katika kila hatua ya volti hutoa fungu lake la umeme. Wakachukua mstari wa mzunguko wa 100, wakaondoa mstari wa mzunguko wa 10, wakatazama kilichobaki. Kwa betri ya maisha marefu hakibaki kitu, mstari umenyooka. Kwa betri ya kufa mapema pana bonde. Kadiri bonde linavyozidi ndivyo umri unavyopungua, na uhusiano wa mambo hayo mawili, wakiupima kwa vipimo vya takwimu, ni hasi 0.93. Waliowahi kuchezea data za maisha halisi wanajua namba kama hiyo haionekani kila siku.

Nilipouchora mchoro huu mwenyewe niliinuka kwenye kiti. Unazipaka rangi betri kwa umri wake, na rangi zinajipanga zenyewe kutoka juu hadi chini, kwa utaratibu, mbele ya macho yako. Fundi wa majahazi wa Nungwi hugonga ubao akasikia uozo ambao jicho halijauona, na huku betri zimegongwa kwa hesabu.

Kosa la wastani la kutabiri umri kwa mizunguko 100 ya mwanzo lilikuwa asilimia 9.1. Kisha wakaiuliza programu swali jepesi zaidi, kwamba betri hii ni ya umri mrefu au mfupi, wakaipa mizunguko mitano tu ya mwanzo. Ilikosea kwa asilimia 4.9. Mizunguko mitano!

Na kwa nini iwe hivyo? Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, kwa sababu si uchawi wa kompyuta, ni kemia. Ndani ya betri ya lithiamu, ayoni za lithiamu hukaa kwenye kinywe wakati betri imejaa, na huhamia upande wa pili betri inapotumika. Watengenezaji huweka kinywe cha ziada makusudi. Chembe zake zikianza kufa, zilizobaki huchukua kazi, na ukipima uwezo wa jumla huoni pengo. Lakini volti zinajua. Kinywe kilichopungua hujaa kwa namna nyingine, na mstari wa volti husogea kidogo kidogo, mzunguko kwa mzunguko. Siku ile ziada inapokwisha, lithiamu inakosa pa kuingia, inaganda juu ya kinywe ikiwa metali tupu, na kuanzia hapo betri haishuki tena kwa hatua, inaporomoka. Mtumiaji anaona kifo cha ghafla. Kumbe kilianza zamani, na dalili zilikuwepo tangu mwanzo, zimeandikwa kwenye volti.

Pamoja na hilo kuna utando. Tangu chaji ya kwanza kabisa, juu ya kinywe hujijenga utando mwembamba sana kutokana na elektroliti, kile kiowevu cha ndani ya betri, inayovunjika. Utando huo ni ulinzi, bila yake betri isingeishi hata wiki. Ila hauachi kukua, na kila unapokua unameza lithiamu ambayo hairudi tena kazini. Joto huuchochea. Wanakemia wana kadirio lao la siku nyingi kwamba nyuzijoto 10 zikiongezeka, mabadiliko mengi ya kikemia hukaribia kwenda mbio mara mbili. Mtu wa Unguja asikie hilo kwa makini.

Chombo chenyewe nilichokifungua kinaitwa BatteryML. Kimetengenezwa na watafiti wa Microsoft, kikawasilishwa kwa wanasayansi wenzao mwaka 2024, na ni cha bure kabisa, msimbo wake wote uko wazi, ukitaka kuubadilisha ubadilishe. Sifa yake kubwa inaonekana ndogo mpaka umewahi kuteseka bila yake: kila maabara duniani huandika data yake kivyake. Huyu anaweka volti kwenye safu ya tatu, yule anahesabu mizunguko kuanzia sifuri, mwingine anatumia milivolti. BatteryML inazichukua zote na kuziandika kwa mpangilio mmoja. Zile 124 za Severson zimo. Zimo 77 kutoka Chuo Kikuu cha Huazhong, China, ambazo kila moja ilitumiwa kwa namna yake, hakuna mbili zilizofanana. Zimo za Aachen, Ujerumani, za Maryland, za Hawaii, na za maabara ya Sandia, Marekani. Ukishaziweka, unachagua mbinu ya kutabiri kwa kubadilisha faili moja fupi la maelekezo, na safari inaanza.

Hapo ndipo mitandao ya neva inapoingia. Ile kazi ya 2019 haikutumia mtandao wa neva, ilitumia hesabu nyepesi juu ya vipimo ambavyo watafiti waliviteua wenyewe kwa kuijua kemia yao. Mtandao wa neva hauteuliwi kitu. Unaupa mistari ya volti na mkondo kama ilivyo, nao, kwa tabaka juu ya tabaka za hesabu ndogondogo zinazojirekebisha kila zinapokosea, unatafuta wenyewe mahali penye habari. BatteryML inao wa aina kadhaa: upo unaoutazama mchoro kama picha, upo unaosoma mzunguko mmoja baada ya mwingine huku ukikumbuka yaliyopita, na upo wa jamii ileile inayoendesha programu za kuzungumza ambazo vijana wetu wanazitumia kuandikia kazi za skuli. Zote ziko mezani kwako, unazijaribu juu ya betri zilezile, unalinganisha majibu. Nimekaa nazo hadi usiku mkubwa na sikuhisi saa zikienda.

Mitandao hiyo haishindi kila mara, na huo ni ukweli ambao watengenezaji wenyewe hawakuuficha. Betri mia na ushei ni chache mno kwa mtandao wenye njaa ya data. Ukiufundisha leo na ukaufundisha tena kesho kwa kuanzia mahali pengine, majibu hutofautiana, ndiyo maana kwenye ripoti yao wametoa wastani pamoja na kiwango cha kuyumba. Mbinu nyepesi, kwenye data chache, hushikilia vizuri na mara nyingine hupita mbele. Hilo halijanipunguzia hamu hata kidogo. Tiba yake inajulikana: data zaidi, za betri za namna nyingi zaidi, kutoka mahali pengi zaidi. Na mahali pengi zaidi ni pamoja na hapa.

Nimesema nitazirejea zile nyuzijoto 30. Maabara za Amerika na Ulaya hununua makabati ya gharama ili kuziweka betri kwenye joto hilo. Sisi tunalo bure! Wakati wa kaskazi, kuanzia Januari hadi Machi, mchana wa Unguja huzivuka nyuzijoto 30 bila ya taabu, na ndani ya banda la mabati Mwanakwerekwe au juu ya dari ya nyumba ya Jambiani joto ni kubwa zaidi. Ongeza unyevu, ongeza chumvi ya upepo wa bahari inayokula vichwa vya nyaya. Betri inayoandikiwa miaka 10 kwenye karatasi ya kiwanda iliandikiwa miaka hiyo mahali pengine.

Ndiyo maana data za Sandia zilinivuta sana. Mwaka 2020 walichapisha matokeo ya aina tatu za betri zilizopimwa kwenye nyuzijoto 15, 25 na 35. Za lithiamu chuma fosfeti zilidumu mizunguko kamili kati ya 2,500 na 9,000. Zenye nikeli, kobalti na alumini zilidumu kati ya 250 na 1,500, na zenye nikeli, manganizi na kobalti kati ya 200 na 2,500. Anayejenga nyumba ya wageni Paje na kupewa bei mbili za betri ya sola anafaa azijue namba hizo kabla ya kutoa fedha. Ile yenye maandishi LiFePO4 kwenye boksi ndiyo lithiamu chuma fosfeti ninayoizungumzia.

Na hoteli zetu zina tatizo jingine ambalo wengi hawalijui. Betri ya inveta hukaa imejaa saa 24, inasubiri umeme ukatike. Haifanyi kazi, kwa hiyo mwenye nayo anaamini inapumzika. Haipumziki. Betri ya lithiamu iliyojaa, mahali penye joto, huzeeka haraka kuliko iliyo nusu mahali pa baridi, hata kama haijaguswa. Programu nzuri ya kutabiri ingemwambia mwenye hoteli aishushe chaji kidogo katika majira ambayo umeme umetulia, na kwa hilo tu angeongeza umri wake.

Sisi tunajua kusubiri umeme. Waya wa kwanza wa chini ya bahari kutoka bara ulifika Unguja mwaka 1980. Mei 2008 umeme ukakatika kwa takriban mwezi mmoja. Disemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Samaki waliooza, visima vilivyokosa pampu, jenereta zilizonguruma vichochoroni, yote haya watu wazima wanayakumbuka. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi 2013, lakini desturi ya kuweka akiba nyumbani ilikwishaota mizizi. Akiba hiyo ni betri, na nyingi kati yake bado ni zile za risasi na tindikali, za kuongezwa maji.

Sasa, je, mbinu hizi za maabara zinafanya kazi kwenye betri za watu wa kawaida, zinazochajiwa jua likitaka na kutumika mtoto akitaka kusoma? Jibu ninalo, na limetoka Afrika. Mwaka 2021 Antti Aitio na David Howey wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha katika jarida la Joule uchunguzi wa betri 1,027 za risasi zilizofungwa kwenye mitambo ya sola ya majumbani barani Afrika. Kila moja ilikuwa imefanya kazi siku 400 hadi 760, na data zote zilifika mistari milioni 620. Hakuna aliyezifungua betri hizo wala kuzipeleka maabara. Walitumia vipimo ambavyo mitambo ilikuwa ikivituma tayari. Wiki nane kabla ya betri kufa, mbinu yao ilitambua kwa usahihi wa asilimia 73. Siku ya kufa yenyewe, asilimia 82. Wao nao hawakutumia mtandao wa neva bali hesabu ya uwezekano inayokwambia pia ina uhakika kiasi gani na jibu lake, na mimi naona kwa kazi ya kijijini hilo ni bora, maana fundi anayepanda daladala kwenda Matemwe anataka kujua kama safari inafaa.

Wiki nane! Fikiria maana yake kwa wale akinamama wanaofundishwa ufundi wa sola katika chuo cha Barefoot pale Kinyasini, ambao kituo chao kipo tangu 2015. Wanatoka vijijini, wanajifunza kuunganisha na kutengeneza mitambo, wanarudi kwao wakiwa ndio mafundi wa kijiji. Mama huyo leo huitwa taa ikishazimika. Mpe orodha inayomwambia nyumba ipi mwezi ujao itaingia gizani, aagize betri mapema, boti za Dar es Salaam zipo, mzigo uwe umefika kabla ya taa kuzima. Sijui kifaa gani kingine cha akili mnemba kingemfaa zaidi.

Yote hayo ni upande wa betri tulizonazo. Upande wa betri zijazo ndio unaonipandisha mori zaidi, na watu hawauhusishi na utabiri wakati ni mambo yaliyoshikana. Anayetaka kuboresha malighafi ya betri ana adui mmoja, naye ni kusubiri. Ukibadilisha elektroliti leo, kujua kama umeongeza umri unazungusha betri miezi, pengine miaka. Jeff Dahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walipoonyesha 2019 kwamba kathodi, yaani ule upande wa betri usio wa kinywe, ya fuwele zisizo na mipasuko ya ndani inaweza kuvuka mizunguko 4,000, nyuma ya mistari ile mizuri kulikuwa na uvumilivu wa muda mrefu sana. Sasa mpe mtu huyo programu inayosoma umri kwenye mizunguko 100. Ile timu ya Stanford, MIT na Toyota ilifanya hivyo hasa: mwaka 2020, katika Nature, walitafuta njia bora ya kuichaji betri ndani ya dakika 10 kati ya njia 224. Kwa kuzijaribu zote hadi mwisho wangehitaji zaidi ya siku 500. Walimaliza kwa siku 16. Mashaallah!

Dakika 10 za kuchaji bila ya kuiua betri ni habari ya moja kwa moja kwa bodaboda. Ampersand, kampuni ya pikipiki za umeme ya Kigali na Nairobi, wanampa dereva betri iliyojaa akiacha iliyokwisha, kwa hiyo kila betri hupita mikononi mwao mara kwa mara. Hapo pana hazina ya data ambayo maabara yoyote ingeitamani.

Kwenye kutafuta malighafi mpya kabisa, kasi imekuwa ya kutisha. Novemba 2023, DeepMind ya Google ilitangaza kwamba mtandao wake wa neva uitwao GNoME umetabiri fuwele milioni 2.2, na 380,000 kati yake zinaonekana kuwa thabiti. Wakataja 528 zinazoweza kupitisha ayoni za lithiamu. Wapo wanakemia waliopinga baadaye kwamba nyingi si mpya kwa maana yenye faida, na nadhani wana hoja, kwani fuwele iliyo kwenye kompyuta haijawasha taa ya mtu. Ninachokiamini zaidi ni kile cha Januari 2024: Microsoft na maabara ya Pacific Northwest walianza na malighafi milioni 32, kompyuta ikazichuja hadi 18, wanakemia wakaitengeneza mojawapo kwa mikono, elektroliti ngumu inayochanganya lithiamu na sodiamu, na inaweza kupunguza matumizi ya lithiamu kwa hadi asilimia 70. Walitengeneza betri nayo. Ilifanya kazi.

Na tusijitenge na malighafi. Kinywe kipo Mahenge na Ruangwa, nikeli ipo Kabanga kule Ngara, na kobalti inayotumika duniani zaidi ya nusu yake hutoka Kongo, ambako wachimbaji wa Kolwezi wanazungumza lugha hii hii unayoisoma. Ile lithiamu chuma fosfeti inayofaa joto letu haihitaji nikeli wala kobalti. Ilizaliwa 1997 katika maabara ya John Goodenough huko Texas, mzee ambaye mwaka 2019 alipewa Nobeli ya Kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino akiwa na miaka 97, mkubwa kuliko yeyote aliyewahi kuipata. Kinywe, lakini, inakihitaji. Na ile siri iliyojificha kwenye volti za Severson ilikuwa siri ya kinywe. Anayechimba kinywe bila ya kujua kinavyozeeka anauza jiwe. Anayejua anaweza kuuza umri.

Nitaje na kasoro, maana sitaki mtu afungue chombo hiki kwa maneno yangu kisha ajione amedanganywa. Maelekezo yake yote ni ya Kiingereza, na yanadhani unajua kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Data ni mafaili ya gigabaiti kadhaa, kwa hiyo tafuta intaneti ya kuaminika, ushushe usiku. Kompyuta ya kawaida inaziendesha mbinu nyepesi bila ya taabu, ila kwa mitandao mikubwa itakuwa nzito. Betri za risasi hazimo, na hizo ndizo zilizojaa vijijini kwetu. Kasoro kubwa kuliko zote: betri za maabara zinajazwa na kumalizwa kwa utaratibu, bila ya siku za mawingu, bila ya mgeni aliyeacha kiyoyozi kikiwaka. Mtandao uliofundishwa kwa betri hizo ukiuletea betri ya Bwejuu utababaika. Kwa hilo kuna programu nyingine ya bure iitwayo PyBaMM, ambayo haitabiri kwa mazoea bali inaigiza fizikia na kemia ya ndani ya betri, utando ukikua na lithiamu ikiganda, na unaweza kuiwekea joto la kwetu. Nimeanza kuionja. Kuzioanisha hizi mbili, fizikia ikiushika mkono mtandao wa neva, ndiko watafiti wengi wanakoelekea, na ndiko ningemshauri mwanafunzi aelekee.

Wanafunzi tunao. Tangu Novemba 2023 chuo cha IIT Madras kimefungua tawi lake Bweleo, la kwanza la vyuo vya IIT nje ya India, na kilianza kwa kufundisha sayansi ya data na akili mnemba. Mkuu wake wa kwanza, Preeti Aghalayam, ni mhandisi wa kemikali. Hesabu na kemia zimekutana hapa kisiwani petu! Chuo kikuu cha SUZA kipo Tunguu, chuo cha Karume kipo Mbweni na mafundi wake wanaojua kushika waya. Kutoka Bweleo hadi Kinyasini ni safari ya daladala.

Hukumu yangu basi: BatteryML ishushwe leo, hasa na mwalimu wa fizikia, mwanafunzi wa kompyuta, na kampuni yoyote inayouza sola visiwani. Mwenye hoteli, mwenye kiwanda cha barafu, mwenye mnara wa simu, inveta yako ya kisasa huenda inaandika volti, mkondo na joto kila dakika, na hakuna anayeisoma. Usiifute kumbukumbu hiyo. Inakili, andika tarehe betri ilipofungwa na tarehe ilipokufa, kisha mpe mwanafunzi wa Tunguu au Bweleo. Fundi wa kijijini asiye na inveta ya namna hiyo anaweza kuanza na kipima volti na daftari: volti za asubuhi, volti za usiku, joto la chumba. Betri 100 za Unguja zilizoandikwa hivyo kwa mwaka mmoja, kaskazi na kusi, masika na vuli, zitatufaa sisi kuliko betri 1,000 zilizokaa kwenye kabati la nyuzijoto 30 ng'ambo ya bahari. Anzeni kuandika.